Ithibati ya AAHRPP kwa vituo vya utafiti vya Bagamoyo na Tanga: inadai nini, na nani ailipie

Tuanze na hukumu, maana wengi watakaosoma hapa wana bajeti ya kufunga kabla ya Julai. Kituo chenye majaribio ya dawa au chanjo yanayolipiwa na wadhamini wa nje, chenye kamati ya maadili (inayopitia tafiti kabla hazijaanza) inayokutana kwa ratiba na sekretarieti yenye watu wa kudumu, kitapata thamani ya pesa yake katika ithibati ya AAHRPP, chama kinachopima jinsi taasisi zinavyowalinda washiriki wa utafiti. Kituo ambacho kamati yake hukutana pale tu mtafiti anapobanwa na mfadhili, na mafaili yake yamelala kwenye kabati la mtafiti mkuu, kisilipe hata senti kwa sasa. Kichukue zana ya kujipima ya chama hicho, inayopakuliwa bure kwenye tovuti yao, kikae nayo mwaka mzima. Kwa maoni yetu zana hiyo ndiyo sehemu bora ya huduma yote, na ndiyo pekee isiyo na ankara.

AAHRPP ni chama cha Marekani kisichofanya biashara ya faida, makao yake Washington, kilichoanzishwa 2001. Kilizaliwa katika kipindi kigumu. Septemba 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki akiwa ndani ya jaribio la tiba ya vinasaba katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na uchunguzi ukakuta kwamba fomu ya ridhaa haikuwaeleza washiriki yote yaliyokuwa yamekwisha kujulikana kuhusu madhara. Funzo walilolibeba waanzilishi ni kwamba kamati ya maadili peke yake haimlindi mtu. Ndiyo maana ithibati hii haipimi kamati tu. Inapima mambo matatu kwa pamoja: taasisi yenyewe na uongozi wake, kamati ya maadili, na watafiti pamoja na wasaidizi wao hadi yule anayebisha hodi nyumba kwa nyumba.

Jambo moja lieleweke mapema, kwa sababu wakurugenzi kadhaa hulichanganya. Ithibati hii haichukui nafasi ya kibali chochote cha Tanzania. Utafiti wa afya bado unapita Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya, NatHREC, iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ni hiyo hiyo NatHREC inayozitambua kamati za taasisi. Jaribio la dawa au chanjo bado linahitaji kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtafiti mgeni bado anapita COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Ukiwa na cheti cha Washington ukutani huku barua ya NatHREC ya mradi mmoja imekwisha muda tangu mwezi uliopita, umefeli pande zote mbili, kwa sababu moja ya matakwa ya AAHRPP ni kwamba taasisi ifuate sheria za nchi iliyopo.

Kwa nini Bagamoyo na Tanga waangalie jambo hili kwa makini kuliko miji mingine? Kwa sababu pwani hii imebeba mzigo mkubwa wa majaribio. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S, kati ya 2009 na 2014, lilifanyika katika vituo 11 kwenye nchi 7 za Afrika, na Tanzania ilikuwa na viwili: Bagamoyo, na Korogwe mkoani Tanga. Watoto 15,459 waliandikishwa katika vituo hivyo vyote. Chanjo nyingine ya malaria, R21, nayo imejaribiwa Bagamoyo. Familia za Yombo, Kiwangwa na Matimbwa zinajua maana ya kuchomwa mtoto kidole kila baada ya muda kuliko familia nyingi za Dar es Salaam. Watu waliotoa kiasi hicho wanadai ulinzi unaoonekana, si barua yenye muhuri.

Mwendo wa huduma wenyewe ni huu. Taasisi inajipima kwa kutumia zana yao, kipengele kwa kipengele, ikionyesha kila kipengele kinathibitishwa na sera ipi, ukurasa upi. Kisha inatuma maombi ya hatua ya kwanza: maelezo ya taasisi, sera, taratibu za kazi, fomu na orodha inayounganisha kila kipengele na ushahidi wake. Wafanyakazi wa AAHRPP wanasoma na kurudisha maoni. Taasisi inarekebisha na kutuma hatua ya pili. Ndipo ziara inapangwa. Wakaguzi, ambao ni watu wanaofanya kazi hii hii kwenye taasisi nyingine, huchagua wenyewe mafaili ya kuangalia na watu wa kuzungumza nao. Taasisi hupewa rasimu ya ripoti ili ijibu, na mwishowe Baraza la Ithibati, linalokutana mara nne kwa mwaka, linaamua. Ithibati ya kwanza hudumu miaka 3, zinazofuata miaka 5, na katikati kuna taarifa ya kila mwaka. Ada ya maombi na ada ya mwaka hupangwa kwa kuangalia idadi ya tafiti zilizo hai, kwa hiyo kabla ya kuomba makadirio safisha orodha yako. Tafiti zilizokwisha ambazo hakuna aliyezifunga rasmi hukuongezea gharama, na vilevile zinaonyesha kwamba mapitio ya mwaka hayafanyiki.

Maoni yanayorudi baada ya hatua ya kwanza ndiyo sehemu ya pili kwa ubora. Yanaelekeza mahali hasa: sera yako inasema hivi ukurasa wa 14 na fomu yako inasema vingine. Taasisi nyingi hukwama hapa kwa sababu ziliandika sera kwa kunakili za chuo fulani cha Marekani. Ukikuta kwenye mwongozo wako ofisi ambayo kituo chako hakina, au adhabu inayotajwa kwa sheria ya jimbo la ng'ambo, futa ukurasa huo uandike upya. Wakaguzi watamuuliza mhudumu wa mapokezi wa kamati jinsi anavyopokea andiko la utafiti, na jibu lake ndilo litakalolinganishwa na maandishi. Sera fupi inayofuatwa inashinda sera ndefu iliyoazimwa.

Sasa tuje kwenye karatasi inayofichua zaidi kuliko zote: muhtasari wa kikao cha kamati. Chukua mihtasari sita ya mwisho na uisome kwa kalamu mkononi. Kanuni za serikali ya Marekani zinazojulikana kama 45 CFR 46, ambazo zinakuhusu ukipokea fedha za serikali yao, zinataka muhtasari uonyeshe waliohudhuria, maamuzi, kura za kukubali, kukataa na kutopiga, sababu za kudai marekebisho au kukataa andiko, na kifupi cha mjadala pale wajumbe walipopishana. Mihtasari mingi huandika "wajumbe walijadili kwa kina na kupitisha". Sentensi hiyo haina thamani yoyote. Haionyeshi kwamba mtu alihoji kwa nini damu ichukuliwe mara nne badala ya mbili.

Tazama mfano mmoja kwa karibu. Kamati ina wajumbe 11, akidi yao, idadi ya chini ya kikao halali, ni zaidi ya nusu, yaani 6. Wamekuja 6 kamili. Andiko la tatu kwenye ajenda ni la mjumbe mmoja aliyeketi pale pale. Anatoka nje, kama inavyopaswa. Wamebaki 5. Akidi imevunjika kwa andiko hilo, hata kama kikao kinaendelea kwa mengine, na uamuzi wowote juu yake ni batili. Muhtasari mbaya utaandika tu "wajumbe 6 walihudhuria" juu kabisa na kuishia hapo. Muhtasari mzuri unaandika kwa kila andiko: nani alitoka, saa ngapi, wamebaki wangapi, kura zilikwendaje. Dawa yake ni rahisi. Mratibu apige simu siku mbili kabla, ahesabu si wanaokuja tu bali wanaokuja na wasio na maslahi katika kila andiko, na kama hesabu inagusa mpaka aite mjumbe mbadala.

Hesabu hiyo ina mtego mwingine. Kwa kanuni hizo hizo, kamati iwe na watu wasiopungua 5, mmoja wao asiwe mwanasayansi, na mmoja asiwe na uhusiano na taasisi, yeye wala familia yake ya karibu. Kikao kisipokuwa na huyo asiye mwanasayansi, si kikao halali, hata wangekuwapo madaktari kumi. Katika mji mdogo kama Bagamoyo tatizo halisi ni uhusiano. Mwalimu mstaafu unayemfikiria ana binti anayefanya kazi maabara yenu. Sheikh uliyemfuata ni mwenye nyumba aliyekupangisha ofisi ya mradi. Tafuteni watatu, si mmoja: mwanasheria au mtendaji mstaafu, mzazi kutoka kijiji kinachofanyiwa utafiti, kiongozi wa dini. Walipwe nauli siku ile ile ya kikao. Mjumbe wa Kiwangwa anayesubiri nauli yake mwezi mzima hatakuja kikao kijacho, na akidi yako imeondoka naye.

Mkuu wa taasisi asiwe mwenyekiti wa kamati, na asiwe yule anayeandika tathmini ya kazi ya mwenyekiti kwa kuangalia maandiko yamepita kwa kasi gani. Mkurugenzi anaweza kukataa utafiti uliopitishwa na kamati. Hawezi kupitisha uliokataliwa. Kanuni hiyo iandikwe kwa sentensi moja iliyo wazi, na mkurugenzi mwenyewe aijue bila kuchungulia, kwa sababu ataulizwa.

Ridhaa ndiyo moyo wa shughuli yote, na ndipo tunapotaka msomaji akae nasi kidogo. Chukua sentensi hii, ya aina inayojaa kwenye fomu zetu: "Ushiriki wako ni wa hiari na unaweza kujitoa wakati wowote bila adhabu au kupoteza manufaa ambayo vinginevyo unastahili." Kila neno ni la Kiswahili, na mama aliyebeba mtoto mwenye homa haelewi. Sasa hii: "Si lazima uingie. Ukikataa leo, au ukiingia kisha ukaacha wiki ijayo, mtoto wako atatibiwa hapa hapa kama kawaida." Maana ni ile ile, na sasa anayo kichwani anapokwenda kumuuliza mumewe.

Maneno mengine ni ya hatari zaidi. "Dawa bandia" kwa mtu wa pwani ni dawa feki ya dukani. Ukiitumia kueleza kundi la kulinganisha, umemwambia mzazi kwamba mtoto wake atapewa sumu. Sema kile kilichomo. Katika jaribio la RTS,S watoto wa miezi 5 hadi 17 walio kwenye kundi la kulinganisha walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, basi fomu ya aina hiyo iandike wazi "wengine watapata chanjo ya kichaa cha mbwa, wengine ya malaria, itachaguliwa kama kwa kura, si daktari wala wewe atakayechagua". Damu ipimwe kwa vijiko: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Usiandike "kiasi kidogo". Sampuli zinazosafirishwa nje zitajwe zinakwenda nchi gani, zitakaa miaka mingapi, na kama zitapimwa vinasaba. Tafsiri ifanywe na mtu mmoja, kisha mwingine ambaye hajaiona ya Kiingereza airudishe kwa Kiingereza, halafu isomwe kwa sauti mbele ya watu watano au sita wa kijijini ambao si wafanyakazi. Pale wanapouliza "yaani?" ndipo pa kuandika upya.

Kisha kuna makosa ya kalamu, ambayo mkaguzi huyaona kwa dakika kumi kwenye rundo la fomu. Saa ya sahihi ni 4:40 asubuhi na damu imechukuliwa 4:15. Tarehe za mshiriki na za mhudumu zimeandikwa kwa mwandiko mmoja. Fomu imewekewa dole gumba, na shahidi wa fomu zote arobaini ni dereva wa mradi. Shahidi wa mtu asiyejua kusoma sharti awe huru: hayumo kwenye mradi, amesikia maelezo yote tangu mwanzo, anaandika jina na tarehe kwa mkono wake. Tunajua kwa nini dereva hutumika. Ni mtu wa pekee aliyepo pale asiye na kazi wakati huo. Basi panga mapema na mtendaji au balozi akupe majina ya watu wawili watatu kila kitongoji watakaokuwa mashahidi, na utaratibu wa kufidia muda wao upitishwe na kamati.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni toleo. Kamati imepitisha toleo la 2.0 tarehe 4, na kwenye gari la timu kuna bahasha yenye nakala mia za toleo la 1.1. Zitatumika mpaka zitakapokwisha, kwa sababu hakuna anayependa kutupa karatasi. Kila ukurasa uwe na namba ya toleo na tarehe chini. Siku barua ya kamati inapofika, mtu mmoja anayejulikana kwa jina akusanye nakala zote za zamani, ahesabu, apige mstari, abakize moja ya faili, asaini daftari. Ikiwa washiriki wawili wameingia kwa toleo la zamani, ni taarifa ya mkengeuko (kwenda kinyume na utaratibu uliopitishwa) kwa kamati na kuwarudia watu hao kwa maelezo mapya, si kubadilisha ukurasa wa mwisho kimya kimya. Kubadilisha kimya kimya ni udanganyifu, na hakuna ithibati inayovumilia hilo.

Sehemu ya AAHRPP inayohusu jamii ni ile ambayo vituo vya kwetu vinaweza kung'ara kuliko vyuo vya Marekani, na inasikitisha kuiona ikijazwa kwa mistari mitatu. Zana yao inauliza: mshiriki mwenye lalamiko anampata nani asiyekuwa mtafiti? Jamii inaelimishwaje? Inashirikishwaje kupanga utafiti? Pwani hii ina kumbukumbu ndefu ya mumiani. Gari geni likiegeshwa jioni na watu wa koti jeupe wakitoa sindano, mnong'ono unaanza kabla injini haijapoa. Kituo chenye kamati ya ushauri ya jamii inayofanya kazi kweli, inayokutana kijijini na si kwenye ukumbi wa hoteli, kina ushahidi ambao wakaguzi wa mbali hawajawahi kuuona ukiwa hai hivyo. Andika mihtasari ya mikutano hiyo pia: nani aliuliza damu inakwenda wapi, alijibiwa nini, fomu ilibadilikaje kutokana na swali lake. Hicho kipande cha mwisho, kilichobadilika, ndicho kinachotafutwa.

Namba ya simu ya malalamiko nayo ikaguliwe. Fomu ina namba ya sekretarieti, lakini laini ilisajiliwa kwa jina la mfanyakazi aliyehama, au imefungwa kwa kutowekwa vocha. Isajiliwe kwa jina la taasisi. Mtu wa nje aipigie mara moja kwa mwezi, tena kwa kubipu, kwa sababu ndivyo mshiriki atakavyofanya. Taratibu zenu ziseme kwamba anayebipu anapigiwa ndani ya siku moja ya kazi. Daftari la malalamiko lisiwe tupu. Daftari tupu la miaka mitatu kwenye kituo chenye washiriki mia kadhaa halionyeshi kwamba watu wameridhika. Linaonyesha kwamba hawakufikiwa.

Ufuatiliaji wa washiriki una sura yake hapa. Wavuvi huenda dago, kambi za uvuvi za mbali, miezi kadhaa na simu haipatikani. Andiko linalosema "mshiriki atafuatiliwa siku ya 28" bila kusema akiwa dago inakuwaje limeandikwa mjini. Na pale baba yuko baharini na mama ndiye aliyesaini, kamati iwe imekwisha kuamua na kuandika kwamba sahihi ya mzazi mmoja inatosha kwa utafiti wa kiwango hicho cha hatari. Ikibaki kimya, kila mhudumu atajiamulia mlangoni.

Dawa za majaribio hatutakaa nazo sana. Vituo vya majaribio hapa kwa kawaida viko imara. Kipimajoto cha jokofu la nyuzi 2 hadi 8 kisomwe mara mbili kwa siku, wikiendi pia, na jenereta ijaribiwe ikiwa na mzigo. Daftari la dawa lifunge hesabu: zilizopokewa, zilizotolewa, zilizorudi, zilizoharibiwa. Madhara makubwa yasiyotarajiwa, yanayoua au kutishia maisha, mdhamini anayapeleka kwa mamlaka ndani ya siku 7, mengine yasiyotarajiwa ndani ya 15. Hiyo haiwezekani kama muuguzi wa zahanati hajui apige simu kwa nani ndani ya saa 24.

Mikataba ndiyo ofisi inayosahaulika. Zana inataka mkataba na mdhamini useme nani analipia matibabu mshiriki akidhurika, mdhamini ataarifuje taasisi akigundua hatari, taarifa za usalama zitatumwa vipi, matokeo yatachapishwaje, na yakijulikana jambo baada ya utafiti kufungwa washiriki wa zamani wataambiwaje. Mhasibu anayesaini mikataba na sekretarieti ya kamati mara nyingi hawajawahi kuketi meza moja. Matokeo yake fomu ya ridhaa inaahidi matibabu bure, na mkataba unasema mdhamini atalipa "gharama za lazima kwa kadiri atakavyoona". Pale mtoto atakapolazwa Muhimbili, familia itakuwa na ahadi na kituo kitakuwa na bili. Karatasi hizo mbili zisomwe pamoja kabla ya sahihi, kila mara.

Kuhusu kumbukumbu, hewa ya chumvi na unyevu wa masika haihurumii karatasi. Wino wa printa za bei rahisi huchuruzika. Fomu za ridhaa zisainiwe kwa kalamu ya bolpeni, kamwe si ya penseli wala ya jeli. Rafu ziwe za chuma, zimeinuliwa sakafuni, mbali na ukuta, kwa ajili ya mchwa. Kumbukumbu za kamati zihifadhiwe angalau miaka 3 baada ya utafiti kwisha kwa kanuni za Marekani, na mdhamini wa jaribio kwa kawaida atadai zaidi. Upande wa taarifa binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zinaangukia kwenye zile nyeti. Orodha inayounganisha majina na namba za washiriki ikikaa kwenye kompyuta mpakato ya mwanafunzi, au ikitumwa nje bila utaratibu, kituo kina tatizo na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kufika kwa AAHRPP.

Kuwaandaa watu kwa mahojiano ni jambo linalofanywa vibaya kwa nia njema. Viongozi hugawa karatasi ya maswali na majibu, wahudumu wanakariri, na siku ya ziara kila mmoja anajibu kwa sentensi ile ile. Mkaguzi anaelewa mara moja. Badala yake mchukue mhudumu wa nyanjani, mpe mazingira: mama amesaini, umeanza kupima, mama mkwe anaingia na kusema hapana. Unafanyaje? Mwache aeleze kwa Kiswahili chake, kisha mwonyeshe mahali kwenye taratibu panaposema hivyo. Asiyejua jibu afundishwe kusema "ningempigia mratibu, namba yake ni hii". Jibu hilo linakubalika popote.

Malalamiko yetu juu ya huduma hii yapo, na ni ya haki. Maombi yote ni kwa Kiingereza, maana yake kituo kinachofanya kazi kwa Kiswahili kinabeba gharama ya kutafsiri taratibu zake ili zieleweke Washington, huku toleo la Kiswahili ndilo linalomlinda mshiriki. Lugha ya zana imejengwa juu ya kanuni za Marekani. Kipengele cha utafiti unaovuka mipaka kinadai kuheshimu sheria na mila za mahali, lakini ni wewe utakayelazimika kueleza mwenyekiti wa kitongoji ni nani na kwa nini ruhusa yake haiwi ridhaa ya mtu. Saa zetu ziko mbele ya zao kwa saa 7 au 8, kwa hiyo simu za ufafanuzi huangukia jioni. Na ada, kwa kituo kinachoishi kwa fedha za mradi, hazina mfuko wa asili. Mfadhili mmoja hapendi kulipia ulinzi wa washiriki wa mfadhili mwingine. Njia inayofanya kazi ni kuweka asilimia ndogo ya kila mradi mpya kwenye fungu la kamati, ikiandikwa waziwazi kwenye bajeti tangu andiko la kwanza.

Chuo cha uuguzi au kituo kidogo cha Tanga chenye tafiti chache za madodoso kwa mwaka hakina haja ya njia hii. Kiimarishe utambuzi wake kwa NatHREC. Kikitaka jicho la nje, mpango wa SIDCER, uliochipuka kutoka TDR, programu ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki ya Shirika la Afya Duniani, hupima kamati ya maadili peke yake kwa vigezo vitano: muundo, kufuata sera zake, ukamilifu wa mapitio, ufuatiliaji baada ya kibali, na utunzaji wa kumbukumbu. Ni mzigo mwepesi zaidi, na vigezo hivyo vitano ni ratiba nzuri ya kujipima hata bila kuomba chochote.

Kwa anayeingia, hesabu nyuma. Kituo chenye tafiti hai thelathini hadi hamsini tunakishauri kijipe miezi 18 tangu siku ya kwanza ya kujipima hadi kutuma hatua ya kwanza, kikiwa na mratibu mmoja asiye na kazi nyingine. Miezi 6 ya mwanzo isiandikwe sera hata moja. Ikaguliwe mihtasari, fomu na mafaili kumi yaliyochukuliwa kwa kura. Ziara isipangwe Machi hadi Mei, maana mvua ya masika ikikata barabara za ndani wahudumu wa vijijini hawatafika kuhojiwa, na wakaguzi wanataka kuwasikia hao hasa. Ikiangukia Ramadhani, mahojiano yaishe kabla ya saa nane mchana, na wakaguzi waambiwe mapema kwa nini.